Shangazi Hataki Meno

11 Februari

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hutaitikia, basi nimeitikia mwenyewe kwa niaba yako, tuendelee.

Huku hatujambo. Bati la jikoni limepigwa misumari upya, kuku mmoja ametoroka na simlaumu, na jirani yangu mshonaji amenunua cherehani ya umeme, siku hizi anajiona kiwanda. Kanisani tumeletewa mchungaji mpya, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Anahubiri utadhani anauza kitu kinachokaribia kuoza. Lakini ana adabu, ananiita mama.

Mkwe wangu hajambo? Tumbo linaendeleaje? Mwambie asibebe ndoo, na wewe kama hujui kubeba ndoo jifunze. Nimeanza kufuma kofia ya mtoto. Ya njano, kwa sababu mmekataa kuniambia ni wa kike au wa kiume, kama vile ni siri ya serikali.

Haya, sasa madhumuni ya barua, usinikimbize. Unajiuliza kwa nini sipokei simu. Siumwi. Nimeng'olewa meno yaliyokuwa yamebaki, yote. Daktari alisema akiliacha moja litakaa pale kama mlinzi wa ghala tupu, nikamwambia basi mfukuze na mlinzi. Tangu siku hiyo nikisema "habari" kinatoka kitu kingine kabisa, na simu nayo inaongeza uongo wake. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Kwenye karatasi bado nina meno yote.

Najua wewe ni fundi wa meno ya bandia na mikono imeshaanza kukuwasha. Tulia. Sitaki. Mzee wangu amelala tangu mwaka jana, na mimi niko nyuma yake kwenye foleni. Parapanda ikilia tutaamka na miili mipya, haina pengo, haina kiuno kinachouma. Sasa nikusumbue unitengenezee meno ya nini kwa muda mfupi huo? Uji unashuka wenyewe. Nayasubiri ya Mungu, ambayo hayavuliwi wala hayawekwi kwenye glasi.

Nisalimie mkwe. Mguse tumbo kwa niaba yangu.

Shangazi yako asiyeng'ata


2 Machi

Shangazi, shikamoo.

Na "milele amina" hii hapa nimeiandika, usije ukatangaza kanisani kwamba sina adabu.

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa kama kitambaa cha pua, lakini imesomeka. Mimi mzima. Huku kazi ni nyingi. Karakana yangu unaikumbuka, kile chumba nyuma ya zahanati ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Sasa rafu imejaa, mataya ya plasta yamepangana mpaka juu, mtu akiingia mara ya kwanza anaomba msamaha na kutoka. Wiki iliyopita nilimtengenezea mwalimu mkuu mmoja. Alipoyavaa akajitazama kwenye kioo, akaanza kugombeza watu ambao hawakuwepo. Nikajua yamekaa sawa.

Kuhusu meno yako. Nimekusikia, na sijakubali. Niache nikueleze kifundi. Fizi zikikaa bure zinasinyaa. Taya nalo linapungua, polepole, huoni, mpaka siku moja hakuna kitu cha kushikilia meno hata ningekuwa fundi wa malaika. Kwa hiyo hili jambo lina muda wake. Na vipimo havichukuliwi kwa barua. Lazima uje, ukae kwenye kiti changu, nikujaze kinywa kitu kinachonata, halafu unyamaze mpaka kigande. Najua hapo pa kunyamaza ndipo penye kazi.

Halafu uji peke yake haumlei mtu mzima. Wewe ulikuwa unakula mguu wa kuku mpaka mfupa unaomba huruma.

Ulipoondokewa na Mzee ulisimama pale kaburini ukaimba kuliko kwaya nzima. Watu walisema, huyu mama imani yake ni chuma. Sasa mbona imani hiyo hiyo inakuambia usile? Sielewi, lakini mimi si wa kuelewa mambo hayo, unajua.

Umeuliza habari za nyumbani kwangu. Tunasukuma siku.

Njoo. Nitakupokea kituoni mwenyewe.

Mwanao, fundi


20 Aprili

Mwanangu,

Bwana amefufuka. Kweli amefufuka. Sasa kaa chini nikueleze yaliyonipata siku hiyo ya kufufuka kwake, kwa sababu utayasikia kwa watu wengine na watayaharibu.

Ulimtengenezea Mzee meno mazuri sana. Hilo nimelisema siku zote. Watu wanadhani nilimzika bila meno yake kwa kusahau, maana nilikuwa nimechanganyikiwa. Sikusahau. Mtu wa kufufuka na meno mapya anapelekewa ya zamani ya nini? Basi yamekaa dirishani kwenye glasi yake, na maji nabadilisha kila asubuhi. Usicheke. Wewe una rafu nzima ya meno ya watu wasio na undugu na wewe.

Pasaka ikakaribia. Mwalimu wa kwaya akaja, akasema, mama, ule ubeti wa katikati ni wako kila mwaka, nani mwingine atauimba? Nikamwambia sina meno. Akasema Mungu anaangalia moyo. Mungu sawa, lakini watu wa benchi la mbele wanaangalia mdomo. Ndipo nikayatazama yale ya dirishani.

Unajua tayari yaliyofuata, wewe ni fundi. Mzee alikuwa na kichwa kama ngoma, mimi kichwa changu ni hiki hiki. Nikajaza pamba pembeni. Nikajitazama kwenye kioo, nikafanana na farasi, lakini farasi mwenye heshima. Nikaenda. Ubeti wa kwanza salama. Wa katikati nikasimama peke yangu, nikavuta pumzi, nikafungua kinywa niimbe "amefufuka", na hizo fu mbili ndizo zilizonimaliza. Meno yakatoka, yakaruka, yakatua ndani ya kapu la sadaka.

Aliyeshika kapu akalishika mbali na mwili wake kama lina nyoka. Mchungaji wetu kijana, maskini, hakufundishwa hilo chuoni, akasema kwa sauti kubwa, "Amina!" Nikashuka, nikayachukua kwenye kapu, nikayafuta kwa kanga, nikarudi mahali pangu. Nyuma watu walikuwa wanalia kwa kicheko, na mimi nikajifanya sioni.

Nimepumzika kwaya. Si kwa aibu, mimi aibu niliizika zamani. Nimechoka tu. Nakaa ndani, nasubiri siku yangu, inatosha. Jumapili hizi mbili sikwenda.

Sasa wewe. Kwa hesabu yangu mtoto ameshakuja duniani. Mbona kimya? Au ni mapacha na mnaogopa kuniambia nifume kofia ya pili? Mkwe hajambo? Andika.

Shangazi


9 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nimecheka mpaka mteja akatoka kwenye kiti akaja kuangalia kama nimepatwa na kitu. Kapu la sadaka! Mzee angeona, angekufa mara ya pili. Meno yale nilimtengenezea atafune nyama, hata siku moja sikuwaza yangetolewa sadaka.

Nimecheka, halafu nimekasirika. Sasa nisikilize.

Jirani yako mshonaji amenipigia simu. Usimgombeze, mimi ndiye niliyemwomba. Anasema magauni yako ameyapunguza mara moja, ameyapunguza tena, na juzi umempelekea lile la bluu, akakuambia halina tena kitambaa cha kupunguza. Anasema anakuletea supu, unamshukuru, halafu anaikuta kwa kuku. Anasema mchungaji alikuja ukamwambia umelala, wakati uko dirishani anakuona.

Shangazi, wewe husubiri ufufuo. Unasusa. Unamsusia Mungu chakula kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, unataka akuone umekonda akuonee huruma akuchukue haraka. Umeipa hiyo kususa jina la imani ili watu wasikugombeze. Mimi nakugombeza.

Na kama unataka kubishana kidini, haya. Wewe ndiye uliyetufundisha Jumapili, sisi watoto tumekaa kwenye mkeka, wewe na fimbo yako ya kuonyeshea picha. Ulituambia kwamba Yesu wako alipotoka kaburini, akawatokea wale wanafunzi wanatetemeka, kitu alichoomba ni chakula. Wakampa samaki. Akala mbele yao wote. Hakusema asante, mimi sasa nina mwili wa utukufu, nimeshiba. Mtu amefufuka anakula samaki, na wewe uko hai kabisa unamwagia kuku supu! Nani kati yenu amefufuka hapo?

Mimi siamini hayo mambo. Unajua. Kwangu mtu akifa amekufa, mnamfukia, mnarudi nyumbani, na mtu asinijie na habari za parapanda. Lakini kama ningekuwa naamini, ningeamini nikiwa na kitu mdomoni.

Kiti changu kiko wazi. Fizi zinasinyaa unaposoma hii.

Mwanao


28 Juni

Mwanangu,

Barua yako ilifika mwezi uliopita. Nimeisoma.

Huku hatujambo. Mvua imekatika. Kuku aliyetoroka amerudi.

Mengine tuyaache. Ila nakuuliza neno moja na unijibu hilo tu. Nimeuliza habari za mkeo na mtoto mara mbili, na mara mbili umenipa habari za meno. Kwenye barua yako ya mwisho umeandika watu wanafukiwa na wengine wanarudi nyumbani. Kalamu yako ilikandamiza pale mpaka karatasi imetoboka.

Mtoto yuko wapi?

Shangazi


10 Julai

Shangazi,

Sijui nianze na salamu gani.

Mtoto wetu alizaliwa kabla ya wakati, mwishoni mwa Februari. Barua yako ya kwanza nilikuwa nayo mfukoni siku hiyo, sijaifungua. Hakupumua. Alikuwa wa kiume. Nesi alimfunga kwenye kitambaa cheupe akanipa nimshike, na nilimshika. Alikuwa na kucha. Sikujua kwamba wanakuwa tayari na kucha.

Tulimzika kwenye makaburi ya mji, kwenye ile kona wanakolala wadogo. Kuna sanduku dogo, nilikwenda kulinunua mwenyewe, fundi seremala akaniuliza la nini, nikamwambia la vifaa. Sikuweza kusema.

Tuliporudi nyumbani mke wangu alikaa jikoni, hakuvua viatu. Mimi nikaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Akaniuliza, "Tutamwona?" Hivyo tu. Yeye anaamini, unamjua, na anajua mimi siamini. Ningesema ndiyo, ningemdanganya mtu aliyetoka kumzika mwanawe. Ningesema hapana, basi. Nikaendelea kuosha. Akaniuliza tena, nikafungua bomba zaidi. Wiki iliyofuata akaenda kwa mama yake, na yuko huko mpaka leo. Niliwaomba wasikuambie.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utakachoandika. Ungeniandikia kwamba atafufuka, mstari mmoja, na alama ya mshangao, halafu ungeendelea na habari za kuku. Na mimi ningeichukia barua yako, na wewe ndiye mtu niliyebaki naye upande wa baba.

Kwa hiyo nakuomba. Usiniambie kwamba atafufuka. Niambie kitu kingine chochote.

Nimekuandikia kwa ukali kuhusu kula. Mimi mwenyewe nakula mkate nimesimama.

Mwanao


15 Agosti

Mwanangu, baba yangu,

Nililia kwanza. Halafu nikamgombeza Mungu, kwa sauti, nikiwa jikoni, mpaka mshonaji akazima cherehani yake asikilize. Nilimwambia, umemchukua mzee wangu aliyechoka, nikanyamaza. Huyu mdogo alikuwa amekukosea nini, hata kucha zake hajazitumia? Hakunijibu. Ana tabia hiyo. Nikafunga mlango, nikapanda basi, nikaenda kwa wakwe zako.

Usianze kupiga kelele. Mkeo ni mkwe wangu, sihitaji ruhusa ya fundi.

Nimemkuta amekonda kunishinda. Tulipokumbatiana ilikuwa mifupa mitupu. Mama yake akatutazama, akaenda jikoni, akarudi na bakuli mbili za uji mzito, akaweka mezani kwa kishindo. Akasema, "Mimi nimechoka kumwaga chakula. Mmoja wenu aanze." Akaondoka. Nikamwambia mkwe, kula. Akasema, kula wewe. Nikasema mimi mzee, nasubiri ufufuo. Akasema, "Na mimi nasubiri huo huo, nina mtu wangu huko." Basi mwanangu, nikaona aibu, ile niliyokuambia niliizika. Mtoto wa watu ananiiga mimi! Nikachukua kijiko. Naye akachukua.

Ulisema nasusa. Barua ile niliichana, nikaokota vipande, nikasoma tena. Nilisusa. Nilikaa dirishani na meno ya mume wangu nikasema hii ni imani. Lakini sikuwa nasubiri ufufuo, nilikuwa nasubiri kufa, na hivyo ni vitu viwili, mimi niliyewafundisha nilipaswa kujua. Kuhusu samaki umenipiga na fimbo yangu mwenyewe. Mjinga wewe.

Tulipokula akaniambia jina la mtoto. Hujawahi kulitaja, anasema, wala kuliuliza. Alilichagua akiwa bado tumboni. Sitaliandika hapa, utaambiwa na mwenyewe. Nikajaribu kulitamka, na fizi hizi zikaliharibu kabisa. Mkeo akacheka. Alicheka akaziba mdomo, akalia, akasema rudia, Shangazi. Nikarudia, likatoka baya zaidi. Tukawa tunacheka na kulia hapo na bakuli mbele yetu, mama yake akachungulia akadhani tumerukwa na akili.

Sasa nataka meno. Sikiliza vizuri, maana sitalisema mara mbili. Nataka kulitaja jina la mjukuu wangu asubuhi, likitoka sawasawa, kama majina ya watu wengine wa nyumba hii. Mzee namtaja, baba yako namtaja, na huyu naye atatajwa. Nataka pia nyama, nisikudanganye. Mshonaji amesema niume nta nikutumie usianze kusumbuka na vipimo, kwa hiyo ndani ya bahasha kuna kipande cha mshumaa wa kanisani. Mchungaji hajui. Kama hakifai nitakuja mwenyewe.

Sasa lile ulilonikataza. Sikuambii kwamba atafufuka. Mimi kwa upande wangu nimeshapanga, siku ile nikitoka, kwanza namtafuta mdogo, hajui mtu pale. Mzee atanisubiri, amezoea. Hayo ni yangu, hukuulizwa.

Lakini lile swali la jikoni ulilisikia vibaya, mwanangu, na masikio yako mazima. Mkeo hakukuuliza kama Mungu anaweza kufufua watu. Hilo angemuuliza mchungaji, ndiyo kazi yake, na analipwa kidogo. Alikuuliza wewe, baba wa mtoto. Alitaka kujua kama unamtaka. Kama na wewe ungependa kumwona. Ukafungua bomba.

Usimjibie Mungu, ana mdomo wake. Jibu la kwako. Panda basi.

Shangazi yako, anayekula


3 Novemba

Shangazi, shikamoo.

Tumsifu, milele, vyote, nimeandika.

Ile nta yako ilifika imeyeyuka ikashikana na barua, nikasoma nusu ya maneno kwa kubanduabandua. Kama ningetengeneza meno kwa kipimo kile ungekuwa unatafunia sikioni. Nashukuru ulikuja. Mke wangu bado anasimulia ulivyokaa kwenye kiti na kinywa kimejaa, nimekuambia nyamaza kigande, na wewe unaendelea kunieleza habari za mshonaji kwa kunguruma. Ilibidi nirudie kipimo mara ya pili. Hakuna mteja aliyewahi kunifanyia hivyo.

Mshonaji anasema sasa anayatanua magauni na anataka umletee kitambaa. Safi. Meno yakikubana popote usiyakwangue kwa kisu, nakujua. Nipigie. Sasa sauti yako inasikika mpaka chumba cha pili, na jina lile unalitamka vizuri. Ulipolisema pale makaburini, kwa sauti yote ya kwaya, yule mchimba kaburi wa upande wa pili aligeuka akaitikia salamu.

Mke wangu hajambo. Huyo ndiye uliyekuwa unamuulizia, basi leo nakujibu bila kuulizwa. Siku ile niliyomfuata kwa mama yake nilimwambia mlangoni, kabla ya kukaa, kabla ya maji. Nilimwambia, namtaka. Ningependa kumwona hata dakika moja. Sijui kama inawezekana, lakini namtaka. Akaenda kuleta begi lake. Lilikuwa limeshafungwa.

Tunaishi hivi. Asubuhi akimimina chai analitaja jina, na mimi nalitaja. Tumekubaliana hivyo. Kuhusu kuamini, nisikupe matumaini ya bure, mimi niko pale pale. Jumapili nampeleka mpaka mlango wa kanisa, nanunua gazeti, nakaa nje nasoma. Mchungaji wa huku amenizoea, ananisalimia kama mlinzi.

Lakini kuna jambo limetokea leo na sina mtu mwingine wa kumwandikia.

Mke wangu aliondoka mapema kwenda kazini, chai nikanywa peke yangu, jina halikutajwa. Nikafika karakana. Mteja wa kwanza alikuwa hakimu mstaafu, mtu mkubwa, mkali, amekaa kwenye kiti na kinywa wazi. Nilikuwa nalainisha nta kwenye moto, mara likanitoka. Jina lote, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anamwita mtoto aliye chumba cha pili.

Hakimu akafunga kinywa. Akauliza, "Unamwita nani?"

Nikasema, "Mwanangu."

Akatazama huku na huku, akaangalia mlango. "Mbona simwoni? Yuko wapi?"

Nikamwambia, "Hayupo kwa sasa."

Akatikisa kichwa, akafungua kinywa tena, akaona ni jibu la kutosha. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama mpaka nta ikagandia vidoleni.

Nimesema "kwa sasa", Shangazi. Hakuna aliyenitia neno mdomoni. Nimelisema mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya hakimu. Usianze kushangilia. Na mchungaji wako, tafadhali, usimwambie.

Mwanao